Nani Ashuhudie? Historia ya Tathmini ya Ubora na Usalama wa Makao ya Uuguzi nchini Marekani, 1935–2025

1.0 Utangulizi

Hukumu iliyotolewa mwaka 1984 na Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Kumi nchini Marekani ina takwimu moja inayostahili kuzingatiwa na kila mwanahistoria wa matunzo ya wazee. Fomu ambayo wakaguzi wa serikali waliitumia kuyapima makao ya uuguzi ilikuwa na maswali 541. Kati ya hayo, ni maswali 30 tu yaliyogusa, hata kwa mbali, matunzo anayopewa mgonjwa au yaliyoweza kumtaka mkaguzi amtazame mgonjwa mwenyewe. Kwa maneno mengine, mkaguzi aliweza kuingia katika jengo, kukagua majalada na vyumba, kujaza fomu yake na kuondoka bila kuzungumza na mzee hata mmoja, na bado kazi yake ikahesabiwa kuwa imekamilika.

Makao ya uuguzi, kwa maana inayotumika hapa, ni mahali ambapo wazee na wagonjwa wa kudumu huishi na kuuguzwa usiku na mchana kwa sababu hawawezi tena kujihudumia. Nchini Marekani yapo takriban 15,000, na wakazi wake wanakadiriwa kufika milioni 1.2. Makala haya yanachunguza jinsi ubora na usalama wa makao hayo ulivyopimwa tangu mwaka 1935, na yanatetea hoja moja: kwamba suala la msingi katika historia hii halikuwa idadi ya vipimo wala ukali wake, bali shahidi aliyetegemewa. Kila kipimo kilitoa picha ya kweli pale tu ushahidi ulipotoka nje ya mikono ya anayepimwa, na kila kilipomrudia, picha iliharibika.

Uchambuzi unaongozwa na mkabala wa Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut, ambaye katika makala yake ya mwaka 1966 alipendekeza ubora wa tiba utazamwe kwa pande tatu: muundo, yaani majengo, vifaa na watumishi, mchakato, yaani yale anayotendewa mgonjwa, na matokeo, yaani hali ya mgonjwa baada ya kutendewa. Mgawanyo huo unasaidia kuona kilichopimwa katika kila kipindi na kilichoachwa.

2.0 Fedha Zatangulia, Vipimo Vyafuata: 1935–1965

Kabla ya mwaka 1935, mzee maskini asiye na jamaa wa kumtunza aliishia katika nyumba ya maskini iliyoendeshwa na serikali ya eneo lake. Nyumba hizo zilikuwa na sifa mbaya, na watunzi wa Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 walikusudia kuzimaliza. Kwa sababu hiyo, sheria ilikataza fedha za shirikisho za msaada wa wazee zisilipwe kwa mtu anayeishi katika taasisi ya umma. Nia ilikuwa njema: mzee apewe fedha mkononi na aishi kwake.

Hata hivyo, sheria haikumponya mzee aliyepooza wala aliyepoteza kumbukumbu. Mtu wa namna hiyo alihitaji mwuguzi, si fedha pekee. Kwa kuwa taasisi za umma zilikuwa zimefungiwa fedha hizo, watu binafsi walianza kupokea wazee katika nyumba zao na kuchukua posho zao kama malipo. Nyumba nyingi kati ya hizo ziliajiri wauguzi wachache na kuanza kuitwa makao ya uuguzi. Hivyo, sekta hii ilizaliwa ikiwa ya kibiashara, nayo ilizaliwa bila mtu yeyote kuulizwa wazee watunzwe vipi.

Mwaka 1950 Bunge la Marekani liliirekebisha sheria hiyo. Malipo yaliruhusiwa kwenda moja kwa moja kwa watoa huduma, na kila jimbo lililotaka fedha hizo lilitakiwa kuwa na mamlaka ya kuweka viwango na kutoa leseni. Lakini sheria haikueleza viwango hivyo viwe vipi. Kila jimbo lilijitungia vyake. Mwaka 1954, fedha za ujenzi wa hospitali zilizotolewa chini ya Sheria ya Hill-Burton ya mwaka 1946 ziliruhusiwa kujenga makao ya uuguzi pia, na kwa fedha hizo yakaja masharti ya majengo yaliyofanana na ya hospitali. Kwa mkabala wa Donabedian, kipindi hiki kilitambua upande mmoja tu wa ubora, nao ni muundo. Shahidi wake mkuu alikuwa jengo.

3.0 Moto, Sumu ya Chakula na Makaratasi: 1965–1975

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha Medicare na Medicaid. Ya kwanza ni bima ya afya ya wazee. Ya pili ni mpango wa kuwalipia matibabu watu wenye kipato kidogo. Ghafla serikali ikawa mlipaji mkubwa wa makao ya uuguzi, na ikahitaji kujua inalipia nini. Viwango vilivyowekwa vilipotumika, makao mengi yaliyoomba kibali hayakuweza kuvifikia. Kuyakataa kungewaacha wazee bila pa kwenda. Kuyakubali kungevunja sheria. Serikali ilichagua njia ya kati: ilibuni daraja la makao “yaliyotimiza masharti kwa kiasi kikubwa”, yakaruhusiwa kupokea fedha huku yakitarajiwa kujirekebisha. Uamuzi huo uliacha urithi mzito. Tangu hapo kila mkaguzi alijua kuwa adhabu ya kufunga makao ni tishio ambalo serikali yenyewe inaliogopa.

Mwaka 1970 ulidhihirisha gharama ya hali hiyo. Tarehe 9 Januari, moto ulizuka katika makao ya Harmar House, mjini Marietta, jimbo la Ohio. Wazee zaidi ya 30 walikufa, wengi wao kwa moshi mzito uliotokana na zulia lenye mpira kwa chini. Mwaka huohuo, katika makao mengine mjini Baltimore, wazee zaidi ya 20 walikufa kwa maambukizi ya bakteria wa salmonela yaliyoenezwa kwa chakula. Misiba hiyo miwili ilikuwa na somo linalofanana. Hatari iliyowaua wazee haikuwa katika mambo ambayo ukaguzi wa kawaida uliyapa uzito; ilikuwa sakafuni na jikoni.

Agosti 1971 Rais Richard Nixon alitangaza mpango wa hatua nane, ukiwamo mpango wa kuwafunza wakaguzi wa majimbo na serikali kuu kubeba gharama za ukaguzi. Mwaka 1972 yalianza majaribio ya kuwa na mtetezi wa wakazi, yaani mtu huru wa kupokea malalamiko yao. Na kufikia mwaka 1978 sheria ilikuwa imeyataka majimbo yote yawe naye. Katika Seneti, kamati ndogo iliyoongozwa na Frank Moss wa Utah ilifanya vikao kwa miaka kadhaa, na kuanzia mwaka 1974 ikachapisha mfululizo wa taarifa ambazo kichwa chake chenyewe kiliuita mfumo huo kushindwa kwa sera ya umma.

Pamoja na juhudi hizo, mageuzi ya kipindi hiki yaliongeza zaidi makaratasi. Makao yalitakiwa kuonesha kuwa yana sera ya kuzuia maambukizi, mpango wa lishe na ratiba ya mafunzo. Mkaguzi aliuliza kama sera ipo. Kama inafuatwa lilikuwa swali jingine, na kwa kawaida jibu lake lilitolewa na mwenye makao. Wahenga walionya kuwa kesi ya nyani hapelekewi ngedere. Ukaguzi wa wakati huo uliipeleka huko kila mwaka.

Ni haki kuongeza kwamba muundo haukuwa jambo dogo. Baada ya mioto mingine miwili iliyoua wazee mwaka 2003, huko Hartford na Nashville, serikali ilitoa kanuni mwaka 2008 kwamba makao yote yawe na vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto, na tarehe ya mwisho ikawa Agosti 2013. Kati ya msiba wa Marietta na tarehe hiyo ilipita miaka 43. Hata jambo linaloonekana kwa macho na linalopimika kirahisi lilicheleweshwa kwa hoja ya gharama. Yasiyoonekana kwa macho yalikuwa na nafasi ndogo zaidi.

4.0 Kesi ya Denver na Sauti ya Mkazi: 1975–1986

Kesi iliyotajwa katika utangulizi ilifunguliwa mwaka 1975 kwa niaba ya wakazi wa makao ya uuguzi mjini Denver, jimbo la Colorado. Walidai kuwa serikali inayalipa makao bila kuhakikisha kuwa matunzo yanayolipiwa yanatolewa. Mahakama ya mwanzo ilikiri kuwa kasoro katika baadhi ya makao zilikuwa kubwa, lakini haikuona kuwa sheria inamwajibisha Waziri wa Afya. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Ilisema kuwa Waziri ana wajibu wa kuweka mfumo utakaomwezesha kujua kama makao kwa hakika yanatoa matunzo bora, na kwamba fomu ya maswali 541 ilipima tu uwezo wa makao kuyatoa. Tofauti kati ya uwezo wa kutunza na kutunza kwenyewe ndiyo mhimili wa historia hii.

Wakati kesi ikiendelea, siasa ilielekea upande mwingine. Mwaka 1982 serikali ya Rais Ronald Reagan ilipendekeza kulegeza ukaguzi. Upinzani ulikuwa mkali, na njia ya kutokea ikawa kuiomba Taasisi ya Tiba, chombo cha kitaaluma kilicho nje ya serikali, ifanye utafiti. Kamati yake iliongozwa na Sidney Katz. Uteuzi huo ulikuwa na maana kubwa. Katz alikuwa daktari aliyejulikana kwa kipimo alichokichapisha pamoja na wenzake mwaka 1963, kinachouliza mambo sita ya kila siku: je, mtu anaweza kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja na kula bila kusaidiwa? Kipimo hicho huanza na mwili wa mtu mmoja na siku yake moja.

Nje ya kamati, umoja wa kiraia wa kutetea mageuzi, ulioundwa mwaka 1975 chini ya uongozi wa Elma Holder, ulifanya jambo ambalo serikali haikuwa imelifanya. Uliwauliza wakazi wenyewe. Zaidi ya wakazi 450 katika miji 15 walishiriki katika mijadala ya vikundi kuhusu maana ya matunzo bora, na taarifa ikatolewa mwaka 1985. Walichokitanguliza ni watumishi: wawe wa kutosha, wajue kazi yao, na wawe na utu. Walizungumzia pia chakula na uhuru wa kuchagua katika mambo ya kila siku. Majibu hayo si ya ajabu. La ajabu ni kwamba miaka 50 ilikuwa imepita tangu mwaka 1935 kabla ya kuulizwa kwa utaratibu.

Taarifa ya Taasisi ya Tiba ilitolewa mwaka 1986. Ilipendekeza ukaguzi uanze na mkazi: hali yake, anavyotendewa na mwelekeo wa afya yake.

5.0 Sheria ya Mwaka 1987 na Mipaka Yake

Tarehe 22 Desemba 1987 Rais Reagan alitia saini sheria ya bajeti iliyobeba ndani yake mageuzi makubwa kuliko yote katika sekta hii. Makao yalitakiwa kumsaidia kila mkazi kufikia au kudumisha hali ya juu kabisa ya mwili, akili na mahusiano inayowezekana kwake. Wauguzi wasaidizi walitakiwa kupata mafunzo yasiyopungua saa 75. Ukaguzi ulipaswa kuwa wa kushtukiza, kufanyika walau mara moja katika kila miezi 15, na kuwahoji wakazi. Aidha, mkazi alipewa haki ya kutofungwa mwili wala kupewa dawa za kumtuliza kwa ajili ya kuwarahisishia watumishi kazi.

Matokeo yaliyo wazi zaidi yalihusu haki hiyo ya mwisho. Katika miaka ya 1980 inakadiriwa kuwa wakazi wanne kati ya kila kumi walikuwa wakifungwa vitandani au vitini kwa mikanda na vitambaa. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama: wasianguke. Utafiti ulionesha kinyume chake, kwamba kufungwa kulileta vidonda, kudhoofisha misuli na wakati mwingine kuua kwa kukaba. Kufikia muongo wa 2010, waliofungwa walikuwa chini ya mmoja kati ya ishirini. Kwa maelfu ya wazee, tofauti hiyo ilikuwa kati ya kuketi kitini na kufungiwa humo.

Lakini sheria hiyohiyo ilizaa chombo chenye kasoro iliyojificha. Ili hali ya kila mkazi ijulikane, makao yalitakiwa kujaza fomu ya kitaifa ya tathmini yake: usahaulifu, vidonda, maumivu, kuanguka, uwezo wa kula na kutembea. Kwa mara ya kwanza, mchakato na matokeo viliingia katika kumbukumbu za taifa. Aliyejaza fomu, hata hivyo, alikuwa mwajiriwa wa makao. Mwaka 1998 fomu hiyo ilianza kutumika kukokotoa malipo ya Medicare. Baadaye ilitumika pia kuyapanga makao kwa ubora. Kalamu moja sasa iliandika hali ya mgonjwa, ankara ya kulipwa na sifa ya mwandishi wake.

6.0 Nyota Tano: 1998–2020

Mwaka 1998 serikali ilifungua tovuti ya kulinganisha makao, na Desemba 2008 ikaanza kuyapa nyota, kuanzia moja hadi tano. Nyota zilitokana na mambo matatu: ukaguzi wa serikali, idadi ya watumishi, na viashiria vya afya ya wakazi. La kwanza lilitoka kwa mkaguzi. Mawili yaliyobaki yalitegemea zaidi taarifa za makao yenyewe. Mwaka 2014 gazeti la The New York Times lilionesha jinsi makao yalivyoweza kupanda nyota kwa taarifa hizo ilhali kumbukumbu za ukaguzi na malalamiko zilisimulia mengine.

Majaribio mawili ya marekebisho yanatoa ushahidi bora wa hoja ya makala haya. La kwanza lilihusu watumishi. Kuanzia Julai 2016 makao yalilazimika kuwasilisha taarifa zinazotokana na kumbukumbu za malipo ya mishahara. Mshahara hulipwa kwa saa zilizofanywa, na daftari lake linaweza kukaguliwa. Takwimu hizo zilipochapishwa mwaka 2018, ilibainika kuwa makao mengi yalikuwa na wauguzi wachache kuliko yalivyokuwa yakidai, na kwamba mwishoni mwa wiki idadi ilishuka zaidi. Shahidi alibadilishwa, na picha ikabadilika.

La pili lilihusu dawa. Baada ya kamba kupigwa vita, wasiwasi ulihamia kwenye dawa za magonjwa ya akili zinazotumika kuwatuliza wazee wenye usahaulifu, na mwaka 2012 serikali ilianzisha kampeni ya kuzipunguza. Kiashiria cha matumizi yake kiliwaacha nje wakazi wenye skizofrenia, kwa kuwa hao wanazihitaji. Kiwango kilishuka kwenye takwimu. Mwaka 2021 uchunguzi wa gazeti hilohilo ulionesha kuwa idadi ya wazee walioandikiwa skizofrenia ilikuwa imeongezeka isivyo kawaida, ingawa ugonjwa huo kwa kawaida huanza ujanani. Januari 2023 serikali ilitangaza kuwa itakagua usahihi wa maandishi hayo. Hapa shahidi hakubadilishwa. Kilichobadilika ni jina la ugonjwa kwenye jalada, na mzee aliendelea kusinzia kitini.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2020. Mlipuko wa kwanza mkubwa wa virusi vya korona katika makao ya uuguzi nchini humo ulitokea Kirkland, jimbo la Washington, katika makao yaliyokuwa na nyota tano. Mei 2020 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilieleza kuwa asilimia 82 ya makao yaliyochunguzwa yalikutwa na kasoro ya kuzuia maambukizi walau mara moja kati ya mwaka 2013 na 2017. Kasoro hizo zilikuwa zimeandikwa, lakini mara nyingi bila adhabu. Zaidi ya wakazi 150,000 wa makao ya uuguzi walikufa kwa ugonjwa huo katika miaka iliyofuata. Haitakuwa sahihi kudai kwamba kipimo bora kingewaokoa wote. Kiwango cha maambukizi katika jamii iliyoyazunguka makao kilikuwa sababu kubwa. Hata hivyo, familia zilizochagua kwa kuhesabu nyota hazikuwa zimeambiwa jambo walilohitaji kulijua.

7.0 Hitimisho

Wapo wanaohoji kwamba mzee mwenye usahaulifu hawezi kuwa shahidi wa kutegemewa. Hoja hiyo imejibiwa kwa vitendo. Toleo la fomu ya tathmini lililoanza Oktoba 2010 linawataka watumishi wamuulize mkazi mwenyewe kuhusu maumivu, huzuni na mambo anayoyapenda, na majaribio yaliyolitangulia yalionesha kuwa wakazi walio wengi waliweza kujibu. Pamoja na hayo, maoni ya wakazi na familia zao bado hayajaingizwa katika nyota. Taarifa ya Akademia za Kitaifa ya Aprili 2022 ilipendekeza yaingizwe katika tovuti ya kulinganisha makao.

Jambo walilolitanguliza wakazi mwaka 1985, watumishi wa kutosha, nalo limebaki na mgogoro. Kanuni ya Mei 2024 iliweka kiwango cha chini cha saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku. Aprili 2025 jaji wa shirikisho huko Texas aliibatilisha, akiona kuwa mamlaka hayo hayamo katika sheria.

Historia hii inaonesha kuwa jengo, sera iliyoandikwa, fomu na nyota vyote vina nafasi yake, lakini kila kimoja hupoteza thamani kinapokuwa ushahidi wa anayepimwa juu ya nafsi yake. Kwa mtafiti, msimamizi au mtoto anayemtafutia mzazi wake mahali pa kuishi, hilo lina maana ya kiutendaji. Cheti kilichotundikwa ukutani kisomwe, kisha daftari la mishahara litazamwe, makao yatembelewe Jumapili jioni bila taarifa, na mzee aliyeketi karibu na dirisha aulizwe kama jana alipoita kuna mtu aliyekuja.